Gari Lililokaa Eda

"Mama Akram, mbona mmelifunika gari kama maiti?"

Lamunu aliuliza swali hilo jioni moja, akiwa amesimama langoni kwa jirani yake, pale mtaani Naguru. Alikuwa anatoka kazini. Lamunu alipiga rangi magari katika gereji, na mikono yake ilinuka tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, siku zote.

Kulusum alikuwa ameketi barazani na tasbihi yake. Mumewe, Huzaifa, alikuwa amefariki mwezi uliopita, naye alikuwa katika eda. Hakutoka nyumbani bila haja kubwa. Hakuvaa mapambo. Hakujitia manukato. Aliswali, akamwombea marehemu, akatazama uani. Na uani kulikuwa na gari.

Lilikuwa Hiace ya zamani, na mtaa mzima ulilijua. Huzaifa alilitumia kubebea maiti, bila kumdai mtu. Alibeba Waislamu, akabeba Wakristo. Alibeba askari wa kambi ya karibu na watoto wao. Alipokufa yeye, gari hilo hilo ndilo lililompeleka makaburini. Siku ile watu waliona kutu milangoni, wakaona haya. Wakachanga, gari likapelekwa kwa fundi wa Katwe kupigwa rangi upya.

Lakini gari lilikuwa la ndugu wawili. Nusu ilikuwa ya Kasim, mdogo wake marehemu, mfanyabiashara wa soko la Kikuubo. Kasim alitoa neno lake mbele ya watu.

"Mimi ningeliuza leo," alisema. "Lakini sawa. Nawapa muda mpaka shemeji atoke eda. Nikilikuta zuri, libaki kwa kazi ya marehemu. Nikilikuta limechakaa, naliuza. Mwenye kulijua gari hili amekwisha kufa."

Akram, mtoto mkubwa wa Kulusum, ndiye aliyekuwa dereva sasa. Neno lile lilimchoma, lakini Kasim ni baba yake mdogo.

Sasa gari lilikuwa limerudi kutoka Katwe tangu asubuhi, jeupe, linang'aa. Na jioni hiyo lilikuwa limefungwa gubigubi kwa kavera, nailoni nene, kutoka juu mpaka magurudumuni.

"Ni hao kaloli," Kulusum alimjibu Lamunu, akaonyesha ndege wakubwa waliokaa juu ya mti wa jirani. "Unawajua. Wanakula jalalani, halafu wanakuja kunya kwetu. Nikasema tulilinde."

"Na kopo hilo, Akram?" Lamunu alimuuliza kijana, aliyesimama kando ya gari.

"Ni nta ya gari, anti. Baba mdogo ameileta. Amesema nilipake leo leo, ling'ae zaidi."

Lamunu akaweka mfuko wake chini haraka. "Acha! Usifungue. Kwanza toa hilo kavera."

Walilivua pamoja. Chini ya nailoni kulikuwa na matone ya maji, kama kifuniko cha sufuria. Juu ya paa rangi ilikuwa na mabaka meupe, kama imemwagikiwa maziwa. Kulusum alishuka barazani bila kuvaa ndala. Kwenye boneti aliona doa jingine, refu, kama chozi lililotiririka.

Lamunu akainama, akanusa. "Hapa mmemwaga nini?"

Zulaikha, dada yake Kulusum, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Marashi," alisema. "Nililisomea dua, nikalinyunyizia. Gari linabeba waja wa Mungu. Kosa liko wapi?"

"Dua haina kosa, dada. Lakini marashi hayo yana spiriti. Spiriti inakula rangi mbichi."

"Mbichi? Mimi nimeigusa kwa kidole hiki. Kavu kabisa!"

"Mandazi je?" Lamunu alisema. "Si huwa yanaiva nje, ndani bado unga?"

"Yako wewe," Zulaikha alimjibu. "Yangu yanaiva yote."

Hata Kulusum alitaka kucheka, lakini kicheko hakikufika mdomoni. Alikuwa anayatazama mabaka. Siku moja tu, na gari limeshaanza kuharibika. Akilini alimwona Kasim akija na mnunuzi. Akawaza, nani atawabeba watu?

"Lamunu," alisema polepole, "nieleze kama unavyomweleza mtoto."

Lamunu akachuchumaa karibu na gurudumu.

"Fundi anachanganya rangi na tina ili ipulizike vizuri. Juu inakauka upesi. Ndani tina bado ipo, inatoka kidogo kidogo. Ukifunika kwa nailoni, inakosa njia, na jasho la maji linabaki juu ya rangi. Ukipaka nta sasa, ni hivyo hivyo, umeziba. Rangi inabaki laini, inapoteza mng'aro, hata kuvimba. Huko Katwe fundi hakuwaambia?"

"Alimwambia baba mdogo labda," Akram alisema. "Yeye ndiye aliyekwenda kulichukua."

"Basi. Rangi kama hii iachie miezi miwili. Mitatu ni bora. Isiwekwe nta, isibandikwe kitu, isiguswe na petroli wala marashi. Iache ipumue."

Kulusum alitazama nguo yake isiyo na urembo, akatazama gari.

"Hakuna manukato," alisema. "Hakuna mapambo. Kungoja mpaka muda utimie." Akapumua. "Kumbe na lenyewe liko eda. Basi tutakaa eda pamoja."

Zulaikha akaangalia chini. Akarudi jikoni, akaificha chupa ya marashi.

Kesho yake Akram alisimamisha nguzo nne, akaweka mabati juu. Pembeni aliacha wazi, hewa ipite. Kaloli wakawa wanachafua mabati. Ndege mdogo akipenya na kuacha kinyesi, Kulusum alikiona kabla hakijakauka. Alikilowesha kwa maji, akakiondoa kwa kitambaa laini bila kusugua. Kinyesi cha ndege kina ukali, Lamunu alikuwa amemwambia, na kikipigwa jua kinachimba rangi.

Wiki mbili za kwanza hawakuliosha. Baadaye Akram aliliosha kwa mkono, asubuhi, boneti ikiwa baridi. Alitumia sabuni laini ya maji, si ya unga. Mashine ya maji ya kasi hakuikaribia. Vumbi hakulifuta kavu, kwa sababu vumbi la barabara ni mchanga, na mchanga unakwaruza.

Mabaka ya paa yalififia yalipopata hewa. Doa la marashi lilibaki.

Kazi haikusimama. Mzee Okullo, askari mstaafu, alipofariki, binti yake Docus alikuja na maua na utepe wa gundi.

"Nataka nibandike msalaba wa maua hapa mbele," alisema.

"Dada Docus, samahani," Akram alisema. "Gundi itaondoka na rangi."

"Baba yangu atakwenda bila maua?"

Kulusum akasogea, akamshika mkono. "Hapana, mwanangu. Maua yatakaa ndani, karibu naye. Nje yangekula vumbi tu." Akampa shuka yake nyeupe ayatandikie. Docus akalia, akakubali.

Miezi mitatu ilipotimia, Lamunu alikuja mwenyewe. Gari lilikuwa limeoshwa na kukaushwa, liko kivulini. Alijaribu nta kwanza mahali padogo, chini ya mlango. Alipoona rangi haikudhurika, alimkabidhi Akram sponji.

"Kidogo tu. Si siagi ya mkate. Paka mlango mmoja, ngoja nta ififie kama ukungu, futa kwa kitambaa safi. Ndipo uende mlango wa pili."

Walifanya hivyo mpaka adhuhuri. Akram alipolimwagia maji kidogo, yalijikusanya matone matone, yakaviringika yakaanguka.

Wiki ile ile Kulusum alitoka eda. Kasim akaja.

Alisalimia, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Alizunguka mara ya kwanza, akazunguka mara ya pili. Aliinama kutazama kingo za milango. Alipitisha kiganja juu ya paa.

"Mmelipaka tena?" aliuliza.

"Ni rangi ile ile, shemeji," Kulusum alisema. "Tuliingoja tu."

"Na doa hili la boneti?"

"Ni kosa letu la siku ya kwanza. Tafuta la pili."

Kasim alikuwa bado anatafuta pale kijana Okidi wa kambini alipoingia langoni, macho mekundu, kofia mkononi.

"Mama, shikamoo. Mama yangu ametutoka alfajiri. Yuko hospitali. Nimekuja kuuliza, gari lipo?"

Akram alitaka kujibu. Kulusum akamzuia kwa mkono. Alimgeukia Kasim, akangoja.

Kasim alimtazama yule kijana. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya gari.

"Lipo," alisema.

Akatoa kiganja, akapita kando ya Okidi, akatoka langoni, akawaachia gari lao.