Salamu Hazina Uzito

Dubai harufu ya udi si ajabu. Abiria waliingia nayo kila siku katika kituo cha treni kilicho kwenye uwanja wa ndege, na treni ilipoondoka, iliondoka nao. Harufu ya benchi la mwisho, panaposimama behewa la wanawake, haikuondoka. Caren, mlinzi wa zamu ya mchana, aliligundua hilo kabla hajamwona mama aliyeketi pale.

Mama alivaa buibui jeusi. Kisanduku kilikuwa miguuni pake. Treni zilikuja na kuondoka, hakupanda.

"Madam, umepotea?" Caren aliuliza kwa Kiingereza.

"Sijapotea, mwanangu," mama alijibu kwa Kiswahili. "Nasikia kesho unakwenda nyumbani."

Nani alimwambia? Labda Hamuza, mlinzi Mganda wa pale getini, ambaye mdomo wake haukai kimya. Kesho kweli Caren alikuwa anakwenda likizo Kitale, kwa bintiye Lois. Alimwacha akinyonya, sasa alikuwa na miaka mitatu na hajatamka neno hata moja. Caren alimwomba Mungu neno la kwanza alisikie yeye mwenyewe.

"Nibebee hiki kisanduku."

"Pole, mama. Mzigo wa mtu sibebi."

Katika fleti aliyoishi na wenzake mtaa wa Al Nahda, kitanda kimoja kilikuwa cha msichana aliyekamatwa na kifurushi alichobebeshwa na mtu. Mama hakukasirika. Alitabasamu, kana kwamba jibu hilo ndilo alilolisubiri.

"Basi salamu tu. Salamu hazina uzito. Nisalimie wa nyumbani."

"Zitafika," Caren alisema. Nani hukataa salamu?

Wakati wa mapumziko alimrekodia mama yake ujumbe wa sauti kwenye simu: nguo za Lois, saa ya kutua, na mwishoni, "Kuna mama mmoja huku kazini anawasalimia sana."

Lakini kile kisanduku kiliendelea kumsumbua. Akaenda kutoa taarifa kwa msimamizi wao, Musallam, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Wakafungua picha za kamera. Kwenye skrini, Caren alikuwa ameinama mbele ya benchi tupu, akiongea.

"Weh! Caren!" Hamuza, aliyewafuata ofisini, alicheka. "Likizo imekupanda kichwani kabla ya ndege!"

Musallam hakucheka. "Umepokea nini kwake?"

"Sijapokea kitu, sir. Nilikataa."

"Fikiri vizuri, mwanangu. Chochote."

"Salamu tu."

Musallam alifunga mlango taratibu. "Kisanduku anajua utakikataa," alisema kwa sauti ya chini. "Hawezi kuondoka hapa mpaka mtu ambebe kwa hiari, amtaje kwa watu wake. Mrudishie. Mwambie, salamu zako sizibebi. Yalla, haraka, kabla hazijafika!"

Caren alishuka mbio, akasimama mbele ya lile benchi na kuyatamka maneno yale kwa sauti, abiria wakimtazama na kuvuta masanduku yao kando, kisha akanusa, akanusa tena, na hakukuwa na udi, ila baridi ya kiyoyozi.

"Khalas, imekwisha, ameondoka," Hamuza alisema nyuma yake, safari hii bila kucheka.

Ameondoka. Caren akaikumbuka simu yake.

Ule ujumbe ulikuwa umeshasikilizwa, na chini yake kulikuwa na jibu, naye akaiweka simu sikioni, akamsikia mama yake akisema kwa furaha kwamba sauti yake wameipata, kwamba amemsikilizisha na mtoto, kwamba hajui majirani wanachoma nini maana nyumba nzima inanuka manukato, na kwamba, Caren, huwezi kuamini, Lois ameanza kuzungumza leo hii, hebu msikie mwenyewe. Kisha, huko Kitale kusiko na treni kama hizo, ikalia kengele ya milango ya behewa inayojifunga, na sauti ya mtoto, nyororo na tulivu, ikasema:

"Zimefika, mwanangu."