Mtabiri wa Mitindo wa Rugenge

Kila siku akitoka shuleni, Sumaya alipita nyumbani kula, kisha akavuka barabara kwenda kwa shangazi yake Zaina, mshonaji wa nguo hapo hapo katika mtaa wa Rugenge. Kazi za Sumaya huko zilijulikana: kufagia vipande vya vitambaa, kuwasha pasi ya mkaa na kunyoosha mishono. Zilikuwa kazi nyepesi, na angezimaliza mapema kama si simu ya mama yake aliyokuwa akiiazima. Anafagia kidogo, anasimama, anatazama simu.

"Sumaya, makala ya pasi yanazimika," shangazi alikuwa akisema. Sumaya anaitika, mkaa unazimika, na yeye bado anatazama simu. Jamani, mtoto huyu angemchosha hata mtawa.

Alichokuwa akitazama ni mitindo. Hakuna mtu aliyemtuma, lakini katika umri wake wa miaka kumi na mitatu alikuwa amejipa kazi ya kutabiri mitindo ya msimu ujao. Alijua kwamba katika miji mikubwa ya ng'ambo wabunifu wa mavazi huonyesha nguo zao jukwaani miezi kadhaa kabla ya msimu wa kuzivaa. Alijua pia kwamba watu makini hutazama maonyesho mengi, wakitafuta rangi, kola au urefu unaojirudia kwa wabunifu tofauti. Hayo yote aliyajua. Tatizo lilikuwa hilo neno "mengi". Mega za intaneti za kutazama video hakuwa nazo, basi alitazama picha zilizotumwa katika makundi ya marafiki ya simuni, akaona zinatosha.

Siku moja akaja Mama Mahamudi, mke wa mfanyabiashara wa vyombo. Binti yake Upendo alikuwa anaolewa na kijana wa Bujumbura. Mama huyo alileta mzigo wa vikwembe, yaani vitenge, vya buluu na rangi ya chungwa, vyote vya chapa moja, ili wanawake wa upande wa bibi harusi washonewe magauni ya sare.

"Zaina, wakwe zetu wanajua kuvaa," alisema akikunjua kitambaa mezani. "Sitaki watucheke. Modeli zako za ukutani ni za zamani. Hakuna mpya?"

Kabla shangazi hajajibu, Sumaya alikuwa ameshaingia kati. "Iko, Mama. Iko modeli ya msimu ujao."

Akaonyesha simu. Mwanamke mrefu alikuwa anatembea jukwaani. Mkono wa kulia wa gauni lake ulikuwa umevimba kama mto wa kulalia, na wa kushoto umebana mpaka kwenye kiganja. Shangazi Zaina aliitazama picha ile, akafyonya.

"Huyu atakulaje wali na mkono huo?"

"Shangazi, haiko ya mbunifu mmoja. Wengi wameitoa. Minye nimechunguza."

Amechunguza! Mtoto ambaye hakuweza kuchunguza kama mkaa umezimika. Lakini aliyasema hayo kwa sauti ya uhakika, na sauti ya uhakika huwapoteza hata watu wazima. Mama Mahamudi alimwuliza tena kama ni kweli, naye akajibu kwamba ni kweli kabisa.

"Mkono wa namna hii unakula kitambaa," Shangazi Zaina alionya. "Hivi ulivyoleta havitatosha watu wote."

"Mwanangu Mahamudi atakwenda Bujumbura kuongeza. Weye shona tu."

Mteja akishaamua, mshonaji hushika mkasi. Shangazi akakata, akashona, na magauni ya mama wadogo na dada za bibi harusi yakaanza kuning'inia ukutani, kila moja na mkono wake uliovimba. Sumaya alipita mbele ya magauni hayo akijiona mtu wa maana. Hata kufagia alifagia kwa madaha, yaani vibaya kuliko kawaida.

Kisha Mahamudi akarudi kutoka Bujumbura mikono mitupu. Chapa ile ilikuwa imekwisha dukani, na mwenye duka hakujua kama itarudi. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Gauni moja tu ndilo lilikuwa halijashonwa, nalo ni la Mama Mahamudi mwenyewe, kwa sababu alikuwa amesema wengine watangulie. Kitambaa kilichobaki kisingemtosha hata mtoto wa darasa la kwanza.

Mama Mahamudi alikuja, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Mtu angemwonea huruma.

"Wote watakuwa na sare, mama wa bibi harusi peke yake hana," alisema. "Upendo atatafuta sura yangu katika picha, atanikuta nimesimama kama jirani. Haya. Kama mtindo huo ndiyo mode kweli, nitavumilia, nitavaa nguo yangu ya Idi. Lakini nionyesheni hao wabunifu wengi, nipate cha kuwaambia wakwe wakiuliza."

Sumaya alitoka mbio. Alikwenda kwa rafiki yake Fabiola, nyumba ya tatu, akarudi naye wakiwa na simu mbili, ya Fabiola na ya kaka yake Toussaint. Wakazilaza mezani kando ya simu ya mama yake Sumaya. Katika simu hiyo gauni la mkono uliovimba lilikuwa jeupe. Katika ya Fabiola lilikuwa la kijani, na pembeni kuna maua. Katika ya Toussaint lilikuwa la zambarau, na juu yake pameandikwa "Msimu ujao".

Mama Mahamudi alizishika simu mbali na macho, kwa kuwa miwani alikuwa ameiacha nyumbani. "Jeupe, kijani, zambarau," alisema. "Naona. Basi ni kweli." Akashusha pumzi, akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

Sumaya akaziinamia zile simu tatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuziona picha hizo pamoja. Katika ile ya gauni jeupe, mstari wa mbele wa watazamaji, kulikuwa na mzee mwenye kipara anayepenga kamasi kwa leso. Katika ile ya kijani, mzee mwenye kipara alikuwa anapenga kamasi. Katika ya zambarau pia, kwa leso ile ile. Hakuna mzee duniani anayefuata maonyesho yote ya mavazi ili apenge kamasi kila mara mwanamke yule yule anapopita.

"Fabiola," alinong'ona, "hii picha uliipata wapi?"

"Juu ya nini unaniuliza? Si weye ulinitumia? Minye niliongeza maua na rangi tu. Toussaint naye akaweka yake."

Kumbe wale wabunifu wengi walikuwa Sumaya mwenyewe. Alituma picha, ikazunguka mtaani, ikavishwa rangi, ikamrudia, naye akaipokea kama habari mpya.

Mama Mahamudi alikuwa ameshafika mlangoni, ameridhika. Shangazi alikuwa amewapa mgongo, anatia uzi kwenye cherehani. Fabiola alimkanyaga Sumaya mguu, ishara ya kunyamaza. Na kweli, angenyamaza nani angejua? Lakini Sumaya alimtazama yule mama anayekwenda kumwozesha binti yake kwa nguo ya Idi, akiamini anavumilia kwa ajili ya mode, akaona aibu.

"Mama, ngoja," alisema. "Hawako wengi. Ni picha moja tu. Minye ndiye niliituma, ikanirudia. Sikuchunguza. Niliwaongopea."

Mama Mahamudi alirudi polepole, akakaa tena. "Weye mutoto," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuchoka kuliko ya kukasirika. "Ndugu zangu wote umewavalisha mito."

Shangazi Zaina alikasirika hasa. Hakupiga kelele. Aliichukua ile simu ya kuazima, akaitia kwenye droo ya cherehani, akaifunga, mama yake Sumaya aje kuichukua mwenyewe. Kisha akasimama mbele ya magauni, akaushika mkono mmoja uliovimba, akaupima kwa shubiri.

"Kitambaa hakijaenda mbali," alisema. "Kimelala humu ndani. Tukiifumua mikono hii na kuishona myembamba, kila mmoja utatoa kipande, na gauni la mama litapatikana. Litakuwa na viungo vingi, lakini litakuwa la kikwembe kile kile." Akamgeukia Sumaya. "Na atakayefumua siko minye."

Basi Sumaya akafumua. Kila siku baada ya shule alikaa na wembe, akikata uzi mmoja mmoja. Kazi hiyo haipendi haraka. Mkono wa kwanza aliukimbiza, akauchana, na ikabidi kipande kile kigeuzwe kola. Baada ya hapo alikwenda taratibu, vidole vikimwuma. Fabiola alisaidia siku moja, kesho yake akadai mgongo unamsumbua. Shangazi aliviunga vipande kwa mistari myembamba kutoka shingoni hadi chini, mpaka viungo vikaonekana kama vimekusudiwa.

Jumamosi Mama Mahamudi alisimama kando ya Upendo katika picha, amevaa sare na dada zake, na watu wakala pilau bila mtu kuchovya mkono wa gauni kwenye mchuzi. Mkwe mmoja kutoka Bujumbura alipapasa ile mistari ya gauni la mama wa bibi harusi, akauliza nani ameshona. Mama Mahamudi akamwonyesha Zaina, kisha akamkata jicho Sumaya aliyekuwa anagawa maji.

"Na huyu ndiye mtabiri wetu wa mitindo," alisema.

"Haya, mwanangu, niambie," mkwe aliuliza. "Msimu ujao tutavaa nini?"

Sumaya aliweka chini jagi la maji. "Sijui, Mama," alijibu. "Bado sijatazama ya kutosha. Kwanza nione wabunifu kadhaa, na nijue kila picha imetoka kwa nani."

Shangazi Zaina, aliyekuwa amefyonya wiki nzima, safari hii hakufyonya. Walipokuwa wanarudi nyumbani alisema, "Kupenda mitindo si kosa. Hata minye nataka kujua inakokwenda, ndiyo kazi yangu. Lakini picha moja ikipita katika simu mia, bado ni picha moja. Ukiona jambo liko kila mahali, uliza nani alianza kulisema. Na kama hujachunguza, usiseme umechunguza. Kusema 'sijui' hakuna aibu, Sumaya. Aibu ni kukatisha kitambaa cha watu kwa jambo usilolijua."