Ndege wa Wodi ya Watoto

Kengele ya saa tisa ilipolia, watoto wengine walikimbilia uwanjani. Fumua yeye alivuka barabara, akapita duka la spea za baiskeli, akaingia karakana ya wasusi wa vikapu kwa mlango wa nyuma. Alivua viatu, akanawa mikono kwa sabuni, kisha akaanza kazi yake ya kila siku. Alitoa chane za ukindu, vile vipande vyembamba vya kususia, kwenye beseni la maji, akazikausha kwa kitambaa na kuzitundika ukutani kando ya kiti cha mama yake mdogo. Nyekundu zilikaa msumari wa kushoto, nyeusi wa kati, na zile zisizotiwa rangi, ambazo wasusi huziita nyeupe, wa kulia.

"Umetundika?" mama mdogo aliuliza.

"Nimetundika, mama mdogo."

"Vilevile?"

"Vilevile."

Wanawake wengine karakanani waliyaona maswali hayo kuwa madaha ya fundi mkubwa. Fumua peke yake ndiye aliyejua ukweli. Jioni moja nyumbani walikoishi pamoja, mama mdogo alikuwa amemshika mkono jikoni, akausukumiza mlango kwa mguu na kumnong'oneza, "Macho yangu yameingia ukungu. Rangi zote naziona kijivu. Wakijua kazini watanitoa kwenye kiti cha dirishani, wanirudishe benchi la nyuma kusokota vishikio vya vikapu. Hii ni siri yangu na yako. Umesikia?" Fumua akaapa kwamba hatamwambia mtu.

Kiti cha dirishani kilikuwa cha fundi mmoja tu, yule anayepewa kazi kubwa na kubuni michoro yake mwenyewe. Mama mdogo alikuwa amekikalia miaka kumi na moja. Alishona kwa kuhesabu: nyekundu tano, nyeupe tisa, nyeusi mbili, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa na mikono ya dhahabu, hilo hata adui zake walikubali. Ulimi wake nao ulikuwa wembe. Alikuwa akiipokea kazi ya Fumua, anaipapasa kidogo, kisha anasema neno moja: "Fumua." Mtoto alifumua, akashona upya, akaambiwa tena afumue. Ndivyo binti huyu wa miaka kumi na miwili alivyopata jina hilo. Aliyemtungia alikuwa Domo, mwanafunzi mwenzake, binti wa msusi mwingine wa hapohapo, na kufikia mwisho wa wiki shule nzima ilikuwa imesahau jina alilopewa na wazazi wake.

Mwezi ule Fumua alishona kikapu chake cha kwanza chenye kifuniko. Alikipenda mno, akamwalika Domo aje kukiona kikikabidhiwa. Mama mdogo alikipokea, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, kikasimama mahali fulani.

"Hapa ulichoka," alisema. "Na hapa ukadhani sitajua."

Kisha akachomeka sindano yake nene chini ya mzunguko wa mwisho, akavuta. Kikapu kikaachia, chane zikamwagika miguuni. Domo alicheka hadi akashika ukuta. Tusidanganyane, kosa lilikuwepo kweli, mishono minne iliyolegea. Lakini kumuumbua mtoto mbele ya mwenzake halikuwa fundisho, ulikuwa ukatili, na Fumua aliondoka pale moyo ukimchemka.

Njiani mdomo ukamponyoka. "Anajifanya anaona sana! Hata nyekundu na nyeupe hazitofautishi. Mimi ndiye macho yake."

Domo alisimama katikati ya njia. "Haoni? Kweli?" Akatabasamu polepole. "Sasa si umbadilishie misumari tu, tucheke kidogo?"

Hasira hasara, lakini mwenye hasira huwa hasikii methali. Siku ya Jumatatu Fumua alitundika nyeupe kushoto na nyekundu kulia.

"Vilevile?" aliuliza mama mdogo.

"Vilevile."

Kazi iliyokuwa mapajani mwa mama mdogo ilikuwa sinia kubwa la kutundikwa ukutani, lililoagizwa na hospitali kwa ajili ya wodi ya watoto. Sinia la namna hiyo huanzia katikati na kupanuka mzunguko kwa mzunguko. Alikuwa amechora ndege wekundu tisa wenye mabawa meusi, wakiruka kutoka katikati kwenda ukingoni juu ya uwanja mweupe. Mikia, miili na mabawa yalikuwa yamekwisha. Vilibaki vichwa tu, mizunguko minne, siku nne. Kwa desturi ya karakana hiyo, kazi isiyokwisha hufunikwa shuka na hakuna msusi anayeruhusiwa kuichungulia ya mwenzake, mchoro usije ukaibwa. Kwa hiyo hakuna aliyeona kilichokuwa kikitokea, isipokuwa Fumua aliyeketi pembeni.

Jumanne alitaka kusema. Alifungua kinywa, mama mdogo akamwahi, "Kaa wima, unashona kama mtu anayesinzia." Akakifunga. Jumatano Domo alimwambia, "Ukisema sasa utafukuzwa nyumbani." Alhamisi mzunguko wa nne ulifungwa. Mama mdogo aliupapasa ukingo wote, akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara kwa mara.

"Hii," alisema taratibu, "ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona."

Fumua aliinama akajifanya anaokota sindano.

Ijumaa ilikuwa siku ya kufunua. Wasusi wote waliketi kwa duara, na Domo akaja kumsubiri mama yake. Sheria ya siku hiyo ilikuwa ngumu: kila msusi husema kosa analoliona, na mwenye kazi hana ruhusa ya kujibu mpaka wote wamalize. Msimamizi, mwanamke mrefu mwenye funguo kiunoni, alivuta shuka.

Wote wakainama mbele kutazama. Halafu mtu akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikazunguka chumba kizima. Mahali pa vichwa palikuwa na mduara mwekundu mpana, na vichwa vyenyewe vilikuwa madoa meupe ndani yake. Ndege tisa walionekana wamechinjwa, damu imetapakaa pande zote.

"Samahani," alisema mama yake Domo, ambaye alikuwa akikitamani kiti cha dirishani tangu zamani. "Hii ni ya wodi ya watoto au ya bucha?"

"Wagonjwa watapona kwa hofu," aliongeza mwingine.

"Labda fundi wetu amechoka. Apumzike, jamani, wenye nguvu tupo."

Mama mdogo aliketi wima, tabasamu la jana yake likimwishia usoni kidogokidogo. Hakuruhusiwa kujibu. Alinyoosha mkono akaligusa sinia, akapapasa mzunguko wa kwanza wa vichwa, wa pili, wa tatu. Mishono ilikuwa imekaza, hesabu ilikuwa sawa. Akarudia. Kisha akamgeukia Fumua na kunong'ona, "Mwanangu, wanacheka nini?"

Swali hilo lilimchoma Fumua kuliko sindano yoyote iliyowahi kumchoma. Domo, aliyesimama mlangoni, alimkonyeza.

Msimamizi alikuwa tayari amefungua daftari la kazi. "Kuanzia Jumatatu utakaa benchi la vishikio," alisema. "Kiti cha dirishani nitampa mwingine."

"Si kosa lake!" Fumua alipiga kelele. Aliijua sheria ya kunyamaza, na akaivunja. "Mimi ndiye niliyebadilisha chane. Nilitundika nyeupe mahali pa nyekundu. Tangu Jumatatu. Makusudi."

"Uongo wa mtoto anayemtetea mama yake," alisema mama yake Domo. "Hata kuku anajua nyekundu na nyeupe. Fundi mzima angeshonaje siku nne bila kuona?"

Jibu lilikuwa moja tu, nalo halikuwa la Fumua. Alikuwa amekwisha kuligawa njiani kwa bei ya kicheko, na sasa hakuthubutu kulisema tena. Machozi yakamtoka.

"Ni kwa sababu sioni," alisema mama mdogo.

Alisimama. "Mwaka wa pili huu. Nahesabu tu. Nilificha kwa sababu nawajua. Nilijua mtacheka, na mmecheka." Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hata mama yake Domo alijishughulisha na pindo la nguo yake.

Msimamizi alilipindua sinia, akakagua mishono kwa nyuma, akavuta kwa kucha. Haukulegea hata mmoja. "Mikono ni ileile," alisema. "Hospitali wanaitaka kazi yao baada ya siku kumi na mbili. Fumueni vichwa, mshone upya. Ikitoka sawa, kiti ni chako. Ikiharibika tena, usinilaumu. Na kesho asubuhi uende kwa daktari wa macho. Hilo siyo ombi."

Daktari alimmulika tochi, akatikisa kichwa. Jicho la kulia lingeweza kupasuliwa mwezi uliofuata. La kushoto, alisema, lingeokolewa kama angefika mwaka uliotangulia. Mama mdogo alishukuru kwa adabu, wakatoka.

Jumatatu, mama mdogo alimkalisha Fumua kando yake, akavua mtandio wake na kumfunga nao machoni, akakaza fundo. "Shona," alisema.

"Mama mdogo, sioni."

"Ndiyo. Shona."

Fumua alishona. Alijichoma kidole, akajichoma tena. Aliomba chane nyekundu, akaambiwa aichukue mwenyewe. Akaipapasa misumari, akachomoa moja, na wanawake wakacheka, maana alikuwa amechukua nyeusi. Kicheko kile, ukikisikia huku huoni anayecheka, huingia mwilini kote. Mama mdogo hakumfungua. Siku ya pili hakumfungua pia. Siku ya tatu, vidole vikiwa vimevimba, Fumua alishika ncha ya chane moja iliyokuwa imekatwa vibaya, mshazari, akaisikia wazi tofauti na nyingine.

"Mama mdogo," alisema taratibu. "Tukizikata ncha? Nyekundu mshazari, nyeusi wima, nyeupe tuzigawanye ncha mbili kama ulimi wa nyoka. Ncha zenyewe hufichwa ndani ya mshono, hazitaonekana. Hapo hata mtu akibadilisha misumari utajua kabla hujashona."

Mama mdogo alichukua mkasi, akakata tatu, akazichanganya nyuma ya mgongo wake na kuzitambua moja baada ya nyingine. Hakumsifu. Alimfungua mtandio tu, akasema, "Kata zote."

Walifumua vichwa tisa, mtoto akivuta, mkubwa akipokea, kisha mama mdogo akavishona upya mwenyewe. Siku ya kumi na moja sinia lilifunuliwa tena. Ndege wekundu tisa waliruka juu ya uwanja mweupe, vichwa vimenyooka, mabawa yametanda. Wasusi walizungumza mmoja mmoja kama sheria ilivyotaka, na mama yake Domo, baada ya kutafuta sana, akasema ukingo ungeweza kuwa mwembamba kidogo. Msimamizi alifunga daftari. Kiti kikabaki pale pale dirishani na mwenye nacho.

Wenzao walipoondoka, Fumua alibaki akifagia vipande. Alikuwa amejipanga kuuliza tangu asubuhi. "Mama mdogo, umenisamehe?"

Mama mdogo aliweka mkasi chini. "Nilikuumbua mbele ya rafiki yako. Hilo ni kosa langu, nalikiri. Tena nilificha ugonjwa, na jicho limekwenda. Hilo nalo ni langu, nitalibeba." Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga ingawa hakuweza kuuona vizuri. "La kwako ni hili. Mtu akikuambia udhaifu wake, amekupa shingo yake uishike. Wewe uliikaba, kisha ukaita watu waje kutazama. Ulipokiri ulifanya vyema, na laiti ungekiri Jumanne. Kazi iliyoharibika hufumuliwa, mwanangu. Kile kicheko nilichokisikia siku ile hakuna sindano ya kukifumua."

"Kwa hiyo hujanisamehe."

"Bado," alisema mama mdogo. "Lakini kesho saa tisa uje mapema. Nina kazi mpya, na nataka rangi uzitundike wewe."