Buibui Lililonifuata Ndia Kuu

"Fadhiya, yuko nyuma yangu tena!"

"Nani?"

"Yule mwanamke wa nikabu. Siku ya tatu hii. Nikisimama yuwasimama, nikienda yuwaenda."

"Basi huyo ni mke wa Jamaldin, kakuficha," dada yangu akasema kwenye simu. "Na nikaha ni Ijumaa, Ummu!"

Moyo ulinilipuka. Nilimpenda Jamaldin, nisimdanganye mtu, lakini sikuwa tayari kuwa mke wa pili bila kuulizwa. Nikakata simu, nikakunja kona ya Ndia Kuu na kujibanza kichochoroni. Akaja mbiombio, mrefu, buibui halimfiki hata vifundoni. Tukakutana uso kwa uso.

"Asalaam alaykum."

Akaivuta nikabu juu zaidi.

"Dada, asalaam alaykum."

Akatazama chini. Mombasa hii hata mgomvi wako hukujibu salamu kwanza, ndipo mtukanane.

"Wewe huna dini? Mara ya tatu hii. Asalaam alaykum!"

"Waalaykum salaam," ikajibu sauti nzito.

Sauti ya Jamaldin.

Nikaivuta ile nikabu. Ndevu zile zile nilizowasifia shoga zangu wote.

"Ummu, nisikize. Niliambiwa kila jioni wenda Ganjoni kwa mwanamume."

"Naenda kwa Jacinta, namsomesha mwanawe. Umenifuata siku tatu, umeona nini?"

"Sijaona kitu."

"Mbona hukuacha siku ya kwanza?"



"Nilitaka kuhakikisha. Ni mapenzi tu, wallahi."

"Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, Jamaldin. Wenyewe wana maneno tele ya kumfuata mtu. 'Tail', polisi akimfuata mwizi. 'Stalk', mwindaji akimnyemelea paa. 'Hound', mbwa asiyebanduka. Nimeyasomesha yote. Hakuna hata moja la mume na mkewe."

Nililia, siwafichi. Lakini nililia huku nampigia baba.

"Baba, ile nikaha ya Ijumaa..."

"Ummu, nakuomba!" Jamaldin akapiga magoti na buibui lake, wapita njia wakimkodolea macho.

"...waambie wasije."

"Kwani amekufanya nini, mwanangu?"

"Hajanipiga, Baba, wala hajanitukana. Lakini tangu leo, kila nikitembea, nitakuwa nageuka nyuma."