Kamera ya Chini ya Migomba

Elisifa hakuwahi kwenda kukata majani ya ng'ombe bila simu mfukoni. Mumewe, Primus, alikwisha kumzoea. Akisikia panga limenyamaza shambani, alijua mkewe ameinama mahali anapiga picha.

"Leo umeona nini tena, mama Pamela?" aliuliza asubuhi moja ya Desemba. Pamela ni binti yao wa kwanza.

"Kinyonga! Amekaa kwenye kahawa mbivu. Yeye kijani, kahawa nyekundu. Njoo haraka!"

"Haraka ya nini? Huyo hata kesho utamkuta tawi hilo hilo. Ng'ombe ndiye analia njaa."

Walikaa Uru, juu ya mji wa Moshi, kwenye kihamba cha ukoo. Kihamba ni shamba la nyumbani. Nyumba iko katikati, migomba imeizunguka, na kahawa imepandwa chini ya migomba. Barabarani jua linaweza kuwaka mpaka ukafumba macho. Ukiingia kihambani hatua kumi tu, ni kivuli kitupu. Pazuri pa kupumzika, lakini simu ya Elisifa haikupapenda. Picha zake za kihambani zilitoka na giza. Kinyonga wa asubuhi ile alionekana kama jani la mgomba lililooza.

Lakini picha iliyomuuma kuliko zote ilikuwa ya Krismasi iliyopita. Ilikuwa picha ya mama mkwe wake, Bibi Hilda, mwenye miaka tisini na moja. Siku ile Elisifa aliona giza, akawasha flashi. Mwanga ukampiga bibi machoni. Bibi akafumba macho, akageuza uso upande wa zizi.

"Hiyo radi yako ipeleke huko huko," alisema. Hakukubali kupigwa nyingine.

Na mwaka huu Aristides alikuwa anakuja. Huyu ndiye kitinda mimba wa Bibi Hilda. Alikuwa Kanada kikazi, miaka kumi na moja hajarudi. Dada yao, Bernadetha, ni muuguzi. Alipewa ruhusa siku moja tu, siku ya Krismasi. Kwa hiyo watoto watatu wa bibi, Primus, Bernadetha na Aristides, wangekaa naye pamoja siku hiyo moja.

"Siku moja, baba Pamela!" Elisifa alisema wakimenya ndizi. "Mama akiwa na watoto wake wote. Nikiikosa picha hiyo, nitaipata lini tena?"

Primus aliacha kumenya. Alimtazama mama yake aliyekuwa amekaa mlangoni na kisu chake kidogo, naye anamenya.

"Kahawa imetulipa vizuri," alisema. "Jumamosi twende mjini. Tukununulie kamera ya kweli."

Elisifa aliruka, maganda yakamwagika yote.

Jumamosi waliingia dukani kwa Ally, anayeuza simu, redio na kamera. Ally aliweka kamera mbili juu ya meza. Moja ilikuwa nene, nyeusi, inang'aa, na lenzi yake ilichomoza kama pua. Ya pili ilikuwa ndogo, inaingia mfuko wa koti.

"Hii kubwa, mama, inavuta mara arobaini," Ally alisema. Kuvuta ni kukileta karibu kitu kilicho mbali. "Toka nayo nje ujaribu."

Elisifa akatoka mpaka ukingo wa barabara. Asubuhi ile mawingu yalikuwa hayajapanda, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa nyeupe pee. Akavuta. Barafu ikaja. Akavuta tena. Mawe yakaja!

"Baba Pamela! Naona mpaka mistari ya barafu!"

Primus naye akachungulia. "Aisee! Hii hii! Funga tuondoke nayo!"

"Na ile ndogo?" Elisifa aliuliza.

"Inavuta mara tatu tu, na bei zinakaribiana," Ally alijibu.

Primus akacheka. "Ya bei hiyo, halafu kama kiberiti?"

Elisifa alikuwa amekwisha kufungua mkoba. Ndipo alipomkumbuka Rahma. Rahma ni mpiga picha wa harusi, ana studio ndogo mtaa wa Njoro. Ndiye anayemsafishia Elisifa picha zake za simu, na alikwisha kumwambia: "Dada, siku ukinunua kamera, niite kwanza." Elisifa akampigia. Haikupita nusu saa, Rahma akaingia, hijabu yake ya kijani, kamera yake begani.

"Shikamoo dada Elisifa. Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Tumeshapata!" Elisifa alisema. "Inavuta mpaka Kibo!"

Rahma alicheka mpaka akashika meza. "Jamani watu wa Moshi! Kila anayenunua kamera lazima aijaribie Kibo. Wewe dada unataka kupiga picha ya nani?"

"Ya mama mkwe. Akicheka na watoto wake."

"Atakaa wapi?"

"Kihambani, chini ya migomba. Ndipo anapopenda."

"Kuna jua hapo?"

"Jua litoke wapi?"

"Sasa mbona unaijaribu juani? Juani hata simu yako inatoa picha nzuri. Kamera ijaribu mahali utakapoitumia. Ally, nyuma kuna stoo?"

"Ipo, ila imejaa maboksi."

"Hiyo hiyo. Zima taa, acha mlango wazi kidogo. Ingia humo ucheze."

"Nicheze?"

"Cheza ngoma yoyote. Bibi akicheka atatikisika. Nataka kuona picha itacheza au haitacheza."

Picha ikitoka na ukungu kwa sababu mtu alitikisika, mafundi husema imecheza. Primus aliposikia hivyo akapiga makofi. "Acheze Ally, isicheze picha!"

Ally akaingia stoo, akaanza kukata kiuno katikati ya maboksi. Elisifa alimpiga picha kwanza kwa kamera kubwa, bila flashi. Wote wakainamia kioo cha nyuma. Ally alionekana ana mikono minne. Uso wake ulijaa chembechembe, kama umenyunyiziwa unga wa ulezi.

"Mimi ndiye huyo?" Ally aliuliza. "Hata mke wangu hatanijua!"

Kisha Elisifa akampiga kwa kamera ndogo. Wakainama tena. Ally alikuwa Ally. Macho mawili, mikono miwili, hata pengo la kifungo kilichokatika kwenye shati lake lilionekana.

"Ee Mungu wangu!" Elisifa alisema. "Kiberiti ndicho kimefanya hivi?"

"Kwa nini?" Primus aliuliza. Sasa hakuwa anatania. "Hii kubwa imeandikwa megapikseli ishirini. Ndogo nayo ishirini. Si sawa sawa?"

"Hapo ndipo wengi wanapokosea, shemeji." Rahma alivuta kiti, akakaa. "Megapikseli ni idadi ya vidoa vinavyotengeneza picha. Lakini ndani ya kamera kuna kibati kinachopokea mwanga. Kinaitwa sensa. Mvua ikinyesha, ukitega kikombe na ukatega karai, kipi kitapata maji mengi?"

"Karai."

"Basi. Hii kubwa ina umbo kubwa, lakini sensa yake ni ndogo kama ukucha wa kidole kidogo. Hicho ni kikombe. Hii ndogo sensa yake ni mara nne ya ile. Hilo ni karai. Kihambani mwanga ni haba, kwa hiyo unahitaji karai. Ukubwa wa sensa umeandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Usomeni, msiangalie boksi tu."

Alimpa Elisifa kamera ndogo, akamwonyesha maandishi kuzunguka lenzi. "Soma hapa."

"Moja nukta nane, mpaka mbili nukta nane."

"Sasa soma kwenye kubwa."

"Tatu nukta tatu, mpaka sita nukta nne."

"Huo ni mlango wa kuingizia mwanga. Namba ikiwa ndogo, mlango ni mpana."

"Ndogo ni mpana?" Elisifa alikunja uso. "Mbona wamegeuza?"

"Hata mimi niliwauliza, sikujibiwa. Wewe shika hivyo hivyo. Mlango ukiwa mpana, kamera inafungua na kufunga upesi, picha haichezi. Mlango ukiwa mwembamba, inakaa wazi muda mrefu ili ishibe mwanga. Hapo ndipo Ally alipoota mikono."

"Na kuvuta je?" Primus bado alikuwa anauwaza mlima. "Kama mtu anataka ndege wa mbali?"

"Angetaka ndege, au mlima, ningemwambia achukue kubwa, tena aipige juani. Si kamera mbaya. Lakini kwa bibi mtasogea wenyewe kwa miguu. Na mtu asiwadanganye kwa namba za kuvuta. Kuna kuvuta kwa lenzi, huko ndiko kwa kweli. Kuna kuvuta kwa kutanua picha tu, kama kuvuta chapati. Inakuwa kubwa, lakini inapasuka."

Walichukua ndogo. Rahma aliwakumbusha wachukue betri ya pili, kwa sababu kamera ndogo hula betri, na kadi halisi ya kuhifadhia picha. Aliweka kadi ndani, akapiga picha tatu, akazifungua kuhakikisha zimeingia. Alidai na karatasi ya waranti, yaani dhamana ya duka, yenye muhuri. Ally akagonga muhuri huku akiuliza kama ataletewa ile picha ya kiuno.

Mpaka Krismasi zilibaki siku tisa. Elisifa hakupumzika hata moja. Alimpiga picha kinyonga. Alimpiga ng'ombe akitafuna. Alijifunza kuzima flashi, na kuigusa sura ya mtu kwenye kioo ili kamera ifokasi machoni, yaani macho ndiyo yatoke wazi kabisa. Usiku alilala na kitabu cha maelezo kifuani. Mara moja picha za mchana mzima zilicheza, akampigia Rahma karibu kulia.

"Tazama kwenye kioo namba ya kasi ya kufungua na kufunga," Rahma alimwambia. "Ikishuka chini ya mia moja, mtu akitikisika atacheza. Iruhusu kamera ipandishe ISO, yaani ukali wake wa kuona gizani. Afadhali chembechembe kidogo kuliko mikono minne. Na siku yenyewe, wapange watu mstari mmoja. Mlango ukiwa mpana, wa nyuma sana atatoka na ukungu."

Siku ya Krismasi, baada ya misa, kihamba kilijaa watu. Ndizi na nyama vilikuwa jikoni, mbege, pombe ya ndizi, kwenye ndoo. Mawingu yalikuwa yameshuka. Chini ya migomba palikuwa giza kuliko stoo ya Ally. Bibi Hilda alikaa kwenye kigoda chake, Primus upande mmoja, Bernadetha upande wa pili. Aristides akachuchumaa karibu na magoti ya mama yake, mzito, anahema.

Bibi aliona kamera, akaanza kugeuza uso. "Ile radi?"

"Hapana, mama. Hii haina radi. Nimeizima."

Bibi hakuamini. Alifumba macho, akasubiri. Elisifa naye akasubiri. Hakubonyeza. Wakakaa hivyo mpaka Aristides akataka kubadili mguu. Goti likamsaliti. Akakaa chini puu, kwenye majani makavu ya migomba.

Bibi akafumbua macho, akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Huyu ndiye Aristides," aliuliza, "au wametuletea baba yake Aristides?"

Bernadetha akaangua kicheko. Primus akainama. Na Bibi Hilda mwenyewe akacheka, kinywa wazi, mabega yakipanda na kushuka. Elisifa alibonyeza. Akabonyeza tena. Tena.

Hakukuwa na radi. Bibi hata hakujua kwamba amepigwa.

"Jamani, tazameni!" Elisifa alipiga kelele. "Njooni wote! Haikucheza! Haikucheza hata kidogo!"

Walisongamana. Primus alimshika mkewe bega, akalitikisa. Bernadetha alifuta machozi ya kicheko. Kamera ikapelekwa kwa bibi, ikashikwa mbele yake. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Macho yangu ni kama ya mama yangu," alisema polepole. "Sikuwa najua."

Kisha akaweka kidole kwenye kioo, chini pembeni. "Na hapa ni nini?"

Elisifa aliikuza picha, akakuza tena. Haikupasuka. Palikuwa na mkono wa Bibi Hilda, umeshuka kando ya kigoda, ambao hakuna aliyeuona wakati wanacheka. Vidole vyake viwili vilikuwa vimekamata ukosi wa shati la Aristides, vimeubana, kama mtu anayeshika mtoto asiende mtoni.

Aristides alikuwa bado amekaa kwenye majani. Aligusa ukosi wake. Vidole vilikuwa bado vipo pale.