Kichwa cha Nailoni

Jina la Mashavu alipewa na mama mkwe wake siku alipoingia kwenye ile nyumba, kwa sababu ya uso wake wa duara, na likamganda. Hata mumewe, ambaye kazi ilimweka safarini muda mwingi, alimwita hivyo hivyo kwenye simu.

Asubuhi hiyo alikuwa barazani akimnyonyesha mwanawe. Wifi yake, mshonaji wa mawigi, akamjia na selotepu mkononi.

"Wifi, niazime kichwa."

"Changu hakina akili, utakifanyia nini?"

"Nataka sura tu. Akili baki nayo."

Wakacheka. Mshonaji alimfunika nailoni laini kuanzia utosini hadi mashavuni, akazungusha selotepu tabaka juu ya tabaka, kisha akakata kisogoni na kuvua. Ndivyo alivyowafanyia wateja wake wote: umbo la kichwa cha mtu hujazwa matambara, wigi likashonewa juu yake. Aliomba gauni kuukuu la kujazia. Mashavu, roho yake ilivyo, akampa zuri.

Haukupita muda, panja za Mashavu zikaanza kubonyea.

Kwanza vidole vilikuta shimo wakati wa kunawa. Kisha kioo kikasema. Mifupa ikachomoza kando ya macho, ngozi ikazama kama tope lililokanyagwa. Daktari alimpima uzito, haukuwa umepungua. Akamkagua meno, akapima damu, akauliza kama analala.

"Kunyonyesha kunachosha, na mafuta ya usoni huwahi kuondoka," alisema. "Kula vizuri, mama."

Akala. Wifi yake ndiye aliyempikia uji. Ndiye aliyempaka mafuta kwenye panja, kidole kikizunguka taratibu humo shimoni. Mashavu alimwombea heri kila usiku.

Mchana mmoja alimpelekea chai chumbani, kumshukuru. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Mshonaji alikuwa amepakata kile kichwa cha nailoni. Kwa kibanio, alikuwa akivuta nyuzi za gauni kutoka kwenye panja za kichwa hicho. Kila uzi ulipotoka, Mashavu alihisi baridi ikipita nyuma ya jicho. Nyuzi zile zilisokomezwa kwenye kichwa cha pili, chenye sura ya mshonaji mwenyewe.

Mshonaji akageuka. Panja zake, zilizokuwa na mabonde tangu utotoni, zilikuwa zimejaa.

"Funga mlango, unaingiza vumbi," alinong'ona.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ulikuwa na uso kama ule, halafu ukaupeleka sokoni kununua nyanya."

Mashavu akakipora kichwa chake, akakimbilia chumbani kwake, alikolala mwanawe, akajifungia. Alishika nguo ya kwanza aliyoikuta kitandani, akajaza. Kushoto. Kulia. Akasukuma mpaka nailoni ikavimba. Akajigusa uso. Umejaa. Machozi ya furaha yakamtoka.

Nje ya mlango, mshonaji alicheka chinichini.

"Umejazia nini, wifi?"

Mashavu akatazama kitandani. Ilikuwa fulana ya mtoto.

Mtoto hakuwa amelia. Alikuwa macho, akimtazama. Pande zote mbili za kichwa chake kidogo zilikuwa zimezama, upana wa kidole gumba cha mama yake.

"Itoe basi," sauti ya wifi ilinong'ona mlangoni. "Mimi huwa natoa uzi mmoja mmoja. Ukivuta yote kwa pamoja, sijui."

Mashavu akachana selotepu kwa meno. Akaingiza mkono. Akapapasa. Fulana haikuwemo. Gauni halikuwemo. Kulikuwa na kitu laini, chenye uvuguvugu, kikidunda chini ya vidole vyake kama utosi wa kichanga.

Akauvuta mkono nje kidogo. Kitandani, mtoto akaacha kupumua. Akaurudisha. Mtoto akapumua.

Mtoto sasa anatambaa. Majirani, Mungu awabariki, huja kumlisha mama yake kwa kijiko na kumsuka nywele. Uso wa Mashavu ni wa duara vilevile. Mkono wa kulia hautoi ndani ya kile kichwa cha nailoni, hata akilala.