Swali la Kifutapicha

Kifutapicha cha Mbeya kilihitaji sekunde arobaini tu. Ukikipa picha moja, kiliisaka kwenye kila simu, kila miwani ya mtandao na kila ghala la kumbukumbu duniani, na picha hiyo ikatoweka kana kwamba haikuwahi kupigwa. Wageni walitoka nchi za mbali kuja kukishangaa. Mhandisi Hobokela, aliyekihudumia kwa miaka sita, alichoka kuwaeleza kwamba mtambo haukuwa na shida. Shida ilikuwa watu.

Sheria iliogopa kuuachia mtambo nguvu ya kufuta chochote. Kwa hiyo kabla ya kugusa picha ya faragha, kifutapicha kiliwapigia simu watu kumi wa mtaa wa mwombaji, ambao kiliwachagua chenyewe, na kuwauliza: je, aliyepigwa picha alijitakia? Zikipatikana hapana sita, picha inafutwa. Zikipungua, ombi linakufa, wala hakuna rufaa. Hobokela alilisikia swali hilo mara elfu bila kuona ubaya wake. Jamii ina haki ya kusema, alizoea kuwaambia wanawake waliolia pale kwenye kiti cha mwombaji.

Leo kiti kilikuwa chake. Ambakisye, mchumba wake wa zamani, alikuwa amezimwaga picha za utupu za Hobokela mtandaoni, na kufikia saa nne asubuhi hata muuza maparachichi wa getini alishindwa kumtazama usoni.

"Dada, bado unaweza kuondoa ombi," alisema Lugano, msaidizi wake.

"Nikiondoa, zinabaki. Anza."

Sauti zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine.

"Maskini, mtoto wa watu. Hapana."

"Alijitakia. Mwenye akili timamu anavua nguo mbele ya kamera?"

"Ndiyo. Tena mhandisi mzima, msomi. Asingezipiga, zingevuja vipi?"

"Huyo kijana aliyezisambaza ndiye afungwe. Hapana."

Katika watu tisa, ni huyo mmoja tu aliyemkumbuka Ambakisye. Hesabu ilikuwa hapana tano, ndiyo nne.

Sauti ya kumi aliijua ilipokohoa tu, akashusha pumzi. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu hana tabia mbaya," mama alisema. "Nimemlea mwenyewe."

"Tafadhali jibu swali," kifutapicha kilisema. "Je, alijitakia?"

"Nilimwonya, baba. Nilimwambia, mwanamume ambaye hajaleta hata barua ya posa humpi kitu. Hakusikia. Kwa hilo, ndiyo, alijitakia. Lakini ni mwanangu na ninampenda. Mfutieni hizo picha."

Kifutapicha kilichukua neno moja tu, kikalifunga ombi. Lugano aliinamisha kichwa. Mama hakujua lolote. Aliendelea kuubembeleza mtambo, mfutieni mwanangu, mfutieni, na Hobokela akakaa palepale kwenye kiti akimsikiliza.